Nzoia, Yala, Sondu au Malewa? Kuchagua mto wa safari ya baiskeli na boti la kupuliza

Pakirafti ni boti la mtu mmoja la kujaza upepo. Likikunjwa huwa kama hema dogo, kilo 2.5 hadi 4.5, na hufungwa chini ya usukani wa baiskeli. Ukifika mtoni unalijaza, unafungua magurudumu, unaifunga baiskeli juu ya pua ya boti, kisha unashuka na maji. Ukitoka majini mambo yanageuka, na boti linabebwa na baiskeli.

Aliye Kisumu, Kakamega au Nakuru ana mito kadhaa isiyozidi siku moja au mbili za kukanyaga pedali, na hapo ndipo wengi hukosea. Huchagua barabara nzuri kwanza, halafu huangalia ramani waone ni mto gani unapita karibu. Fanya kinyume. Barabara za magharibi husamehe: ukikwama boda boda ipo, na kila senta ina fundi wa baiskeli. Mto hausamehi, na hii minne haina undugu zaidi ya kuwa na maji.

| | Nzoia ya chini | Yala na Ziwa Kanyaboli | Sondu-Miriu | Malewa |
|---|---|---|---|---|
| Maji kwa wastani (mita za ujazo kwa sekunde) | takriban 115 | mto takriban 37. Ziwa limetulia | takriban 42, ila mtambo wa umeme huchukua mengi | mto mdogo, kiangazi hubaki mawe |
| Njia ya baiskeli | Kisumu, Maseno, Yala, Ugunja | Kisumu, Siaya, kisha maramu | Kisumu, Ahero, Katito, Sondu | Nakuru, Gilgil, Naivasha |
| Kinachoharibu safari | banio, mamba, mafuriko ya kutoka mbali | mafunjo, viboko | korongo, maji kupanda ghafla | mawe, ardhi ya watu binafsi, viboko mwishoni |
| Inamfaa | aliyewahi kupiga kafi, akiwa na mwenyeji | anayeanza (ziwani tu) | mzoefu wa maji ya povu | mtu wa Nakuru mwenye kibali na subira |

Kabla ya kuingia mto mmoja mmoja, kuna jambo moja ambalo ramani haionyeshi. Nzoia, Yala na Sondu zote huishia upande wa magharibi, Ziwa Victoria. Upepo wa ziwa nao huanza kuvuma kuelekea nchi kavu jua likishapanda, kwa hiyo kuanzia saa sita hivi mchana unakujia usoni. Boti la kupuliza ni jepesi na limekaa juu ya maji, na baiskeli iliyofungwa puani ni tanga. Mwendo wa kilomita 5 kwa saa wa asubuhi huanguka hadi 2, na mikono inaisha. Alasiri huja radi, ambazo katika ukanda huu si za mchezo. Ndiyo maana ratiba inayofanya kazi ni moja: asubuhi maji, mchana baiskeli. Lakini usiingie alfajiri. Saa kumi na mbili viboko bado wanarudi majini kutoka malishoni, na njia wanazopita ndizo hizo hizo unazotaka kushukia na boti. Ingia saa mbili jua likiwa limewaka, toka kabla ya saa sita. Hiyo ni saa nne za maji kwa siku, na mpango wowote unaohitaji zaidi ya hapo umeandikwa na mtu asiyeujua upepo.

Nzoia ya chini

Ndio mto mkubwa kuliko yote ya upande wa Kenya inayoingia Ziwa Victoria, na kwa safari ya namna hii ndio wenye kipande kizuri zaidi. Usianzie juu. Webuye kuna maporomoko ya Nabuyole, na kutoka hapo kushuka hadi upande wa Mumias mto bado unateremka kutoka nyanda za juu na una mawe. Kipande cha kufikiria ni kuanzia daraja la barabara kuu ya Kisumu–Busia, eneo la Ugunja, hadi daraja la Rwambwa. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita ishirini na kitu, lakini mto unapindapinda, basi hesabu 30 au zaidi na upime mwenyewe kwa kufuata mapindo kwenye ramani ya setilaiti. Kwa saa nne za asubuhi, hizo ni siku mbili za maji. Panga kulala kijijini, kwenye boma la mtu baada ya kuomba, na si kwenye mchanga wa mtoni.

Baiskeli: Kisumu hadi Ugunja ni takriban kilomita 70 za lami. Kazi iko mwanzoni, kwani kufika Maseno unapanda karibu mita 400 kabla ya kuvuka ikweta. Baada ya Luanda unateremka zaidi ya unavyopanda. Malori ya Busia ndiyo tatizo, na bega la barabara hukatika bila taarifa. Toka mapema.

Sasa hatari. Ya kwanza ni banio. Mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya Chini huchukua maji yake kwenye ukuta uliokatiza mto. Ukuta wa aina hiyo ukiutazama kutoka juu ya mto hauonekani. Unaona tu mstari ulionyooka wa maji na kimya kidogo. Chini yake maji hujizungusha na kurudi nyuma yakiwa na chochote kilichoangukia humo, boti na mwenye boti. Kabla ya kuweka boti majini, uwe na alama ya banio kwenye simu, alama nyingine mita 500 juu yake, na jina la mahali pa kutokea alilokupa mkaazi wa hapo. Kulizunguka kwa baiskeli ni dakika ishirini. Hakuna sababu ya kujaribu njia nyingine.

Ya pili ni mamba. Wapo, na kadiri unavyoshuka kuelekea Budalang'i ndivyo wanavyoongezeka. Boti la mita mbili na nusu lisilo na mbao wala bati si kinga. Usining'inize mkono au mguu, usioge ukingoni, usichote maji ukiwa umeinama mahali pasipo na watu. Tua pale wanawake wanapochota maji na ng'ombe wanapokunywa, si kwa sababu mamba hafiki hapo, ila kwa sababu hapo kuna watu wanaojua kama alionekana jana. Salamu kwanza, kisha swali lenye jibu: "Mzee, habari ya mto? Wiki hii mamba ameonekana wapi?" Ukiuliza "kuna hatari?" utaambiwa hapana, kwa heshima tu. Wakikutajia mahali unapopita, kunja boti. Barabara ya kwenda Rwambwa ipo.

Ya tatu ni mafuriko yasiyo na mvua. Maji ya Nzoia huanzia Cherangani na Mlima Elgon. Huko juu mvua ya Agosti inaweza kunyesha vibaya huku Ugunja anga ni samawati, na maji yakafika siku moja au mbili baadaye. Chomeka kijiti cha kipimo kwenye matope ukingoni ukifika. Baada ya nusu saa ukiona maji yamepanda upana wa vidole viwili, na yanabeba vijiti, majani mabichi na povu la rangi ya chai, siku hiyo ni ya baiskeli. Vipindi vizuri ni kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari, na wiki za kati ya Juni na Julai kama mvua ndefu zimeisha kwa wakati. Februari na Machi mto huwa chini, unakwama kwenye mchanga, na mamba hujilaza hapo hapo kwenye mchanga.

Toka Rwambwa. Chini ya daraja mto unabanwa na matuta ya kuzuia mafuriko hadi ziwani, kingo ni udongo mwinuko usio na pa kutua, na viboko huongezeka. Kumalizia ziwani kwa boti kunapendeza kwenye picha pekee. Ukitaka kuona Port Victoria, nenda kwa baiskeli.

Yala, au tuseme Kanyaboli

Mto Yala wenyewe haufai, na ni vizuri kulisema hilo mapema kwa sababu ramani yake inavutia sana: unatoka nyanda za Nandi, unapita ukingo wa kusini wa msitu wa Kakamega, unashuka hadi kinamasini. Juu ni mwembamba, wenye mawe na miti iliyoanguka kukatiza mkondo. Mti wa namna hiyo hupitisha maji na kukamata mtu. Chini mto unaingia Yala Swamp, kinamasi cha takriban hekta 17,500 za mafunjo, ambamo mkondo hugawanyika na kupotea. Mafunjo hayakanyagiki wala hayapigiki kafi, na visiwa vyake huhama na upepo: njia uliyoingilia asubuhi inaweza kuwa imefungwa mchana.

Ziwa Kanyaboli, pembeni mwa kinamasi hicho, ni habari nyingine. Lina kina cha mita chache tu, mawimbi yake ni madogo kuliko ya Ziwa Victoria, na lina ngege wa asili aliyekwisha karibu kote Ziwa Victoria baada ya samaki wa kigeni kuletwa. Kwa anayeanza hapa ndipo shule: nusu siku ya kupanda na kushuka botini, kupinduka kwa makusudi karibu na ufuo, kurudi ndani, kupiga kafi na baiskeli ikiwa puani. Jisajili na BMU (kamati ya wavuvi) ya ufuo unaotumia na ukodi mvuvi mmoja akutangulie na mtumbwi wake. Anajua viboko walilala wapi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2010, kwa hiyo suala la ada uliulize kwa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kabla ya safari, si ukiwa umeshalowa. Kaa mbali na ukuta wa mafunjo, mita 50 na zaidi, kwani kiboko hutokea humo bila kuaga.

Kutoka Kisumu hadi mji wa Siaya ni takriban kilomita 75 za lami, halafu maramu hadi ziwani. Mvua ikinyesha maramu hiyo hugeuka gundi, na tairi pana zenye nafasi ndogo kwenye foki husimama kabisa.

Sondu-Miriu

Hapa hesabu inasema yote. Mto una wastani wa mita za ujazo 42 kwa sekunde. Mtambo wa Sondu-Miriu, wa megawati 60, ulioanza kazi mwaka 2008, unaweza kumeza karibu 40. Maji hutolewa mtoni kwenye ukuta chini ya mji wa Sondu, yakapita ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 6, yakaanguka takriban mita 200 hadi kwenye mashine, kisha yakapitia Sang'oro, megawati 21 nyingine, kabla ya kurudi mtoni. Mkondo wa asili, wenye maporomoko ya Odino, hubaki na masazo. Miezi mingi ni mawe. Na mtambo ukizimika ghafla, maji yote yale hurudi juu ya ukuta na kushuka kwenye mawe hayo uliyosimama ukipiga picha. Kwa hiyo kipande kati ya ukuta na Sang'oro kifute kwenye ramani.

Kinachobaki ni viwili. Juu ya Sondu, upande wa vilima vya chai, ni maji ya povu kwa watu waliofunzwa, wenye helmeti na kamba ya kurushia, na baiskeli ikiwa imeachwa kwa rafiki. Chini ya Sang'oro hadi Nyakach ni tambarare fupi, tamu, yenye mamba, na mdomoni gugu maji huweza kuziba kila kitu kwa usiku mmoja upepo ukigeuka. Uzuri wa Sondu uko juu ya baiskeli: kutoka Ahero unapita mashamba ya mpunga, unapanda kwa Katito, na jioni bonde lote la Kano liko chini yako.

Mto Nyando, wa Ahero, usiutaje. Wastani ni mita za ujazo 18 hivi kwa sekunde, hujaa kwa saa chache na kukauka kwa siku chache, na kingo za Ahero ni matope ya kwenda juu. Upite kwa daraja.

Malewa, kwa watu wa Nakuru

Faida yake kubwa: Ziwa Naivasha, unakoishia mto huu, halina mamba. Hasara: kuna viboko wengi ziwani na sehemu ya chini ya mto, na Malewa yenyewe ni nyembamba, ya mawe, yenye maji ya kutosha mvua zikiwa zimenyesha vizuri tu, maana sehemu ya maji ya tawi lake la Turasha huchukuliwa na bwawa linalohudumia miji. Sehemu kubwa ya kingo ni ranchi na hifadhi za watu binafsi. Kibali ni simu moja au mbili, lakini bila kibali unatolewa majini katikati ya korongo, na kupanda korongo na baiskeli begani ni adhabu. Toka juu kabisa ya mahali mafunjo yanapoanza. Ziwani usiingie na boti la kupuliza.

Ila kwa baiskeli peke yake upande huu unashinda yote. Hell's Gate ni mbuga ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli ndani, na njia za nyuma kupitia Elementaita na Gilgil hukuepusha na barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, ambayo mwendesha baiskeli hana haja ya kuifahamu kwa karibu.

Boti lipi, baiskeli ipi

Uzito kwanza. Mtu kilo 70, baiskeli 14, mizigo 10, maji na chakula 5: karibu mia moja. Yale maboti mepesi sana ya kilo moja na nusu, ya kuvukia mto na kuendelea, hubeba uzito huo yakiwa yamezama hadi shingoni. Kwa Nzoia chukua lenye urefu wa nje wa mita 2.4 au zaidi, la nailoni iliyopakwa TPU (plastiki inayonyumbulika). Yale ya PVC ya kuchezea bwawani hupasuka kwenye mshono siku ya kwanza ya jua. Sakafu yenye matundu ya kujimwaga inafaa Sondu ya juu. Nzoia na Kanyaboli itakufanya ukae kwenye maji siku nzima, na maji hayo yana kichocho. Chagua sakafu iliyofungwa.

Baiskeli: Black Mamba hutengenezwa popote, ila ina kilo ishirini na ushee na keria yake ya chuma itatoboa boti. Baiskeli ya milimani ya tairi za inchi 26 ndiyo yenye busara, kwa kuwa tyubu zake zinapatikana Ugunja sawa na Kisumu. Za inchi 29 beba tatu zako. Chagua vali nene kama ya gari, ili tairi zijazwe upepo petroli steshini yoyote. Dawa ya tairi zisizo na tyubu usitegemee kuipata nje ya miji mikubwa.

Kufunga baiskeli ndiko kunakotofautisha safari na balaa. Toa magurudumu yote mawili na pedali zote mbili. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha spana upande wa saa, kinyume cha kawaida, na wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kusahau hilo. Breki zikiwa za mafuta, chomeka kadibodi kati ya pedi, la sivyo kidole kikigusa breki pedi zitashikana. Funika sproketi na ncha za foki kwa kipande cha tyubu kuukuu. Laza magurudumu puani, sahani za breki zikitazama juu na zimevishwa kitambaa. Juu yake laza fremu, upande wa mnyororo juu, usukani umegeuzwa. Mikanda minne yenye bizimu, kila mmoja kwenye kishikio chake, na ncha zinazobaki zikunjwe: mkanda unaoning'inia hushika mti, na hukushika mguu ukipinduka. Usijifunge wewe na kitu chochote. Sasa kaa ndani kwenye maji ya magotini. Pua ikizama kuliko nyuma, sogeza kiti nyuma au hamishia chakula huko.

Upepo wa boti nao una hila. Ukilijaza juani hadi likaze, maji ya mto hulipoza na linalegea. Liongeze kwa mdomo baada ya dakika tano majini. Ukitua kula, fungua vali kidogo. Boti lililokazwa na kuachwa juu ya mchanga wa saa saba hujipasua lenyewe. Zipu ya kutia mizigo ndani ya boti ifungwe hadi mwisho kabisa, kwani nusu sentimita ikibaki linavuja polepole, nawe utatafuta tobo mchana kutwa. Isuuze mchanga kila jioni.

Kwa matobo beba mkanda wa kiraka wa TPU na vitambaa vya spiriti. Solushen ya fundi wa pancha haishiki TPU, na fundi mwenye moyo mzuri atapendekeza aipashe moto. Mshukuru, umpe kazi ya spoki.

Jaketi la kuokolea livaliwe tangu unapokanyaga maji, kifuani limekazwa. Simu moja kwenye mfuko usiopitisha maji, mwilini, si botini. Dawa za malaria na chandarua hazihitaji maelezo kwa msomaji wa Kisumu. Kichocho kinahitaji: ukishagusa maji ya ukanda huu, pimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukienda hospitali wiki inayofuata utaambiwa uko sawa, kwa sababu minyoo itakuwa haijaanza kutaga mayai yanayotafutwa kwenye kipimo.